Lori la "kazi kidogo tu": anza na karatasi na fremu, injini baadaye

Mhariri,

Kuna maneno matatu yanayoandamana na kila tangazo la lori kuukuu hapa Nairobi: "kazi kidogo tu". Gari ni zuri, mwenyewe anasafiri, linataka kazi kidogo tu. Ukilifikia, kazi hiyo kidogo mara ni pampu ya dizeli, mara ni silinda hedi, mara ni fremu iliyochomelewa mara mbili pahali pamoja. Barua hii ni ya msomaji anayejiandaa kununua Canter, Isuzu NKR au lori jingine la dizeli la tani tatu hadi tano, la kubebea mawe ya Ndarugu, mchanga wa Machakos au viazi vya kuingia Marikiti, na ambaye keshampa dalali ahadi ya kwenda kuliona.

Wanunuzi wengi huuliza kwanza, "Injini iko aje?" Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni karatasi, la pili ni fremu. Injini ya zamani yenye pampu ya dizeli ya kizamani, mathalani 4D33 ya Canter yenye cc 4,214, hufunguliwa, huchongwa na kufungwa hapa hapa mjini. Spea zimejaa Kirinyaga Road, na wa kutoboa bloku au kusaga krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) wapo Kariobangi Light Industries na Industrial Area. Ubovu wa injini ni bei, na bei hujadiliwa. Fremu iliyokatika na logbuku yenye mushkili hukaa na wewe.

Karatasi nitazipitia haraka kwa kuwa hazina ufundi mwingi. Mwombe muuzaji nambari ya usajili kabla hata ya kupanda matatu kwenda kuliona gari, kisha utafute rekodi zake NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Ada yake haifiki bei ya lita tano za dizeli. Rekodi itakuonyesha jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, nambari ya injini, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikishwa pamoja na mwenyewe. Kama yupo, deni liishe na jina lake litolewe kwanza. Ahadi ya "nikipata pesa yako nitamlipa" isikubaliwe. Mwenye gari akiwa amefariki, familia iwe na hati za urithi za mahakama mkononi. Uhamisho huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, wewe ukaukubali kwenye yako, kwa hiyo mtu asiyeweza kuingia akaunti ya mwenye gari hana la kukuuzia.

Sasa linganisha karatasi na chuma. Nambari ya chesisi kwa lori nyingi za Kijapani hupigwa ubavuni mwa fremu upande wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ioshe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya. Msasa usiuguse, maana utafuta ushahidi. Herufi zilizopanda na kushuka, alama za kusaga, au sehemu iliyobonyea kuliko chuma cha jirani ni sababu ya kupeleka gari DCI, kwa wapelelezi wa jinai, likaguliwe, au kurudi nyumbani. Nambari ya injini mara nyingi haitalingana, kwa kuwa lori hizi hubadilishwa injini kwa zile kuukuu kutoka Japani. Hilo peke yake si wizi. Lakini kama badiliko halikuandikishwa, wewe ndiye utakayeulizwa siku ya ukaguzi, kwa hiyo stakabadhi za injini hiyo zije na mabadiliko yafanywe kwa gharama ya muuzaji. Dai pia karatasi ya mwisho ya ukaguzi, kwa sababu gari la biashara hukaguliwa kila mwaka. Lisilokaguliwa miaka miwili lina kitu lilichojua halitapita nacho. Uzito wake likiwa tupu ukipita kilo 3,048, kidhibiti mwendo ni lazima. Bodi nzito ya chuma inaweza kulivusha hapo bila mwenyewe kujua.

Fremu ikaguliwe mchana, lori likiwa tupu na limeoshwa chini. Lala chini na tochi na brashi ya waya. Nyufa huanzia pale ugumu wa chuma unapobadilika ghafla: nyuma tu ya kabini bodi inapoanza, kwenye mabano yanayoshika springi za nyuma, na kando ya matundu ya ribiti za vyuma vya kukingama. Lori la mawe hupasukia nyuma ya kabini kwa sababu bodi haipindi na kabini ni nyepesi, basi kila tuta la barabarani linaikunja fremu pale pale. Ufa mchanga huonekana kama uzi mwembamba mwekundu juu ya rangi. Ni kutu ya unga unaotoka kingo mbili zinaposagana. Rangi nyeusi inayong'aa chini ya gari la miaka 20 haikupakwa kwa mapenzi. Ikwaruze.

Fremu kuwa imewekewa bamba la kuongeza nguvu si dhambi. Tazama bamba lilivyokatwa. Fundi anayejua kazi hulikata ncha zake mshazari, ili nguvu ipite polepole kutoka chuma kinene hadi chembamba, na hulifunga kwa bolti au ribiti kwenye ubavu wa fremu. Bamba lililokatwa wima kama tofali, likachomelewa juu na chini kwenye midomo ya fremu, limehamisha tu ufa sentimita tano mbele, kwa kuwa joto la kuchomelea hudhoofisha chuma kando ya mshono na midomo ndiyo inayobeba mvutano mkubwa. Ukikuta mishono ya miaka tofauti pahali pamoja, mmoja wa kutu na mwingine mpya, usiendelee kukagua. Mengine yote hayana maana tena.

Baada ya macho, tumia kamba. Egesha lori kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Shusha timazi kutoka bolti za springi za mbele, kushoto na kulia, kisha kutoka bolti za springi za nyuma, na utie chaki kila inapogusa. Pima mshazari mmoja na wa pili. Zikipishana zaidi ya milimita 10, fremu imewahi kupinda. Kabla hujakata tamaa pima pia kitovu cha gurudumu la mbele hadi la nyuma, kila upande. Mishazari ikiwa sawa lakini upande mmoja mrefu kuliko mwingine, yaelekea bolti ya katikati ya springi imekatika na ekseli imeteleza. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja, ingawa njiani lori linatembea upande kama kaa na kumtisha kila anayelifuata. Hapo ndipo mnunuzi mjuzi hupata bei nzuri.

Ukiwa bado chini, tikisa magurudumu ya mbele. Piga jeki, tia mtaimbo chini ya tairi na uinue. Likicheza juu na chini, ama kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia) zimekwisha ama beringi za gurudumu zimelegea. Mwambie utingo akanyage breki huku unatikisa: mchezo ukipotea ni beringi, ukibaki ni kingpini na bushi zake. Mbao zilizoongezwa juu ya bodi zinakueleza lilivyokuwa likipakiwa kupita kiasi. Tairi nazo zina tarehe. Soma tarakimu nne za mwisho za nambari inayoanza na DOT ubavuni, ambapo 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya 2018. Tairi zilizovishwa mpira upya hazifai mbele hata zikiwa na meno marefu.

Sasa injini, na sharti moja tu: uikute baridi. Weka kiganja kwenye bomba la moshi karibu na hedi kabla ya kumsalimia mtu. Likiwa vuguvugu, kuna aliyeliamsha ili usione linavyoamka. Dizeli haina plagi za cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa, na injini iliyochoka kubana hujificha vizuri sana ikiwa moto. Rudi siku nyingine.

Ikiamka baridi ndani ya sekunde chache, na moshi mweupe kidogo ukaisha baada ya dakika moja mbili, ni dalili njema. Moshi mweupe unaoendelea na kuchoma macho ni dizeli isiyoungua: kubana kumepungua, nozeli (vinyunyizio vya dizeli) zinadondosha, au taimingi, yaani wakati wa kunyunyiza, imechelewa. Mweupe wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Wa buluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ni dizeli nyingi kuliko hewa. Anza na filta ya hewa iliyoziba, ndipo uilaumu pampu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yake ni nyepesi, kwa hivyo injini isiyo na tabo (kisukuma hewa) iliyopimwa pampu yake Mombasa itatoa weusi huku juu bila ugonjwa wowote.

Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma polepole, kiweke juu chini mdomoni mwa tundu. Kikitetemeka ni sawa. Kikirushwa, na moshi ukatoka kama wa bomba la jikoni, injini "inapumua", yaani moto unapita ringi za pistoni na kushuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Oili nzito kupita kiasi, ile inayovutika kama asali injini ikiwa bado baridi, imewekwa kuficha pumzi hiyo pamoja na kelele za beringi. Rejeta ichunguliwe ikiwa baridi vile vile. Mapovu yanayopanda kila ukikanyaga, au hosipaipu ya juu kuwa ngumu dakika mbili baada ya kuwasha kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda inayovuja kupitia gasketi au hedi iliyopasuka. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Kisha lipeleke barabarani likiwa na mzigo, hata mawe nusu tu, upande Limuru Road. Ukirudi, zima, subiri dakika 15, washa tena. Jaribio hili la pili watu hulisahau. Lori linalokataa baridi lakini linakubali moto lina shida ya kubana au plagi za kupasha joto. Linaloamka vizuri asubuhi lakini likishapata moto linazunguka stata bila kuwaka, pampu yake ya dizeli imelika: mafuta yakipata moto huwa membamba na kurudi kupitia nafasi zilizolika. Mwagia pampu maji baridi kidogo juu ya kitambaa, subiri, jaribu tena. Likiwaka, umepata jibu. Ugonjwa huu huharakishwa na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi vyuma vya pampu kama dizeli inavyolainisha.

Ukitaka kujua silinda ipi imelala, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja kwa spana ya 17 au 19 injini ikinguruma. Ile ambayo ukiilegeza mlio haubadiliki ndiyo haifanyi kazi. Jambo hili ni la injini za pampu ya kizamani pekee. Lori lenye mfumo wa reli ya pamoja (common rail, bomba moja la shinikizo kubwa linalolisha nozeli zote), kama 4JJ1 ya Isuzu au 4M50 ya Fuso, lina shinikizo linalopita baa 1,000 kwenye mabomba hayo, na mtiririko wake hupenya ngozi ya mkono. Na kwa anayenunua kuukuu kwa akiba ndogo, ushauri wangu ni kuziepuka kabisa hizo za reli. Nozeli zake hazitengenezwi kwa nyundo, na dizeli chafu huziua mapema.

Kupima kubana kwa geji ni sawa, lakini hapa mafundi wetu wengi hukosea. Vitabu vya injini za ukubwa huu huweka afya kwenye kilo 26 hivi kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi (ratili kwa inchi ya mraba) 370, na kikomo karibu kilo 20. Takwimu hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi hewa inayoingia silinda ina shinikizo la kama asilimia 81 ya lile la pwani, basi injini nzima kabisa itasoma psi 300 hivi. Wengi wameambiwa "hii imeisha" kwa geji iliyosoma 290, wakafungua injini isiyo na kosa. Angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda: ikipita kilo 4, yaani psi 57, kuna moja inayoumwa. Tia kijiko cha oili katika hiyo, upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu au gasketi.

Kama ovahoo, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya, haiepukiki, uliza imeshafanywa mara ngapi. Mgongoni mwa beringi za krankishafti kumeandikwa STD kama haijasagwa, au milimita zilizosagwa, 0.25, 0.50 au 0.75, ambazo mafundi, wakihesabu kwa elfu za inchi, huziita standadi, teni, twenti na thati. Krankishafti iliyofika thati haina nyama tena, kwa hiyo weka kwenye hesabu bei ya nyingine. Na injini nyingi zinazofanyiwa ovahoo na kufa miezi mitatu baadaye huuawa na vitu vile vile. Njia za oili kwenye bloku hazikusafishwa. Kipoza oili cha zamani kilirudishwa na vumbi la chuma ndani. Rejeta haikufunguliwa kuzibuliwa. Nozeli hazikupimwa kwenye benchi, na moja inayodondosha dizeli ikatoboa pistoni mpya. Mwenye lori alilipia pistoni, laina na ringi, akakataa kulipia kalibresheni, yaani huko kupimwa kwa nozeli. Ni ubahili wa ajabu.

Klachi, giaboksi na difu (gia za ekseli ya nyuma) zina majaribio mafupi. Vuta breki ya mkono, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu: injini izimike. Isipozimika, klachi inateleza. Gia inayoruka unapotoa mguu kwenye mteremko imekula meno. Difu inayolia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, inataka kufunguliwa. Breki za upepo zijazwe, injini izimwe, na mshale wa geji utazamwe dakika tano bila mtu kugusa kitu. Usishuke kwa kuonekana. Canter za breki za mafuta hutegemea pampu ya vakyumu iliyo nyuma ya oltaneta. Ikichoka, breki huwa nzito kama kukanyaga jiwe, na mteremko wa Mai Mahiu si mahali pa kuligundua hilo.

Hesabu sasa. Tarakimu hizi ni za mfano, bei ya siku utaiuliza mwenyewe. Muuzaji anataka 700,000. Lori kama hilo lililo zima linauzwa 1,150,000. Fundi wako, si wake, ameandika kazi ya 280,000. Ongeza theluthi ya hiyo, 93,000, kwa yatakayoonekana baada ya kufungua, kwa maana yataonekana. Kazi itachukua siku 25, na lori lingekuingizia faida ya 4,000 kwa siku: 100,000. Jumla ni 1,173,000. Lile la bei rahisi limepita lile zima kwa 23,000, na bado hujaweka tairi, bima na kodi ya mapema ya KRA, mamlaka ya mapato. Hesabu hii hii ndiyo inayokupa bei ya kutaja: 1,150,000 ukitoa 473,000 ni 677,000, na hapo unanunua kichwa kinachouma bila punguzo. Taja 600,000 na uwe tayari kuondoka. Kama huna fedha za ukarabati zote mkononi siku ya kununua, hata 500,000 ni ghali. Lori lililofunguliwa nusu na kuachwa gereji huibiwa oltaneta kwanza, stata pili.

Mhariri, ombi langu kwako ni dogo. Kwenye kurasa za matangazo, mtangazaji wa lori atakiwe kuandika nambari kamili ya usajili na mwezi wa ukaguzi wa mwisho, badala ya ile picha ya bango la nambari lililofunikwa kwa kidole gumba. Msomaji atafanya utafutaji wake akiwa nyumbani, na nauli ya kwenda Kitengela kutazama lori lisilo na mwenyewe itabaki mfukoni.

Fundi wa dizeli,
Kariobangi, Nairobi